Mwenye nyumba analala wapi? Fleti za wageni katika nyumba kongwe za Charleston

Mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, ulipitisha mwaka 2018 sheria ya kupangisha kwa siku chache yenye sharti moja ambalo wengi hulipita haraka: usiku ambao mgeni yupo, mwenye nyumba naye awe amelala kwenye kiwanja hichohicho. Masharti mengine yapo. Fleti ni moja tu kwa kiwanja, watu wazima wasizidi wanne, nambari ya kibali ionekane kwenye tangazo, na ndani ya mtaa wa kale wenyewe, nyumba iwe imeorodheshwa yenyewe katika rejesta ya taifa ya majengo ya kihistoria. Lakini sharti la kulala ndilo linalotenganisha vitu viwili ambavyo mjadala wa miji ya Kusini mwa Marekani huvichanganya kila siku. Kimoja ni nyumba nzima iliyonunuliwa na mwekezaji asiyeonekana. Cha pili ni fleti iliyo ndani ya nyumba ambayo mwenyewe bado anaishi juu yake, mbele yake, au upande wa pili wa ukuta.

Wanaopinga upangishaji huu wana hoja nzito. Charleston ya kale imebanwa kwenye rasi ndogo kati ya mito Ashley na Cooper. Fleti anayopewa mtalii kwa siku tatu ni fleti ambayo muuguzi au mpishi anayefanya kazi mjini humo haipati. Mwaka 1980 Wamarekani Weusi walikuwa wengi kwenye rasi ile. Leo ni wachache, na bei za nyumba ni miongoni mwa sababu kubwa. Savannah, mji wa jirani katika jimbo la Georgia, iliweka kikomo: nyumba za wageni zisizokaliwa na wenyewe zisizidi 20% ya viwanja vya makazi katika kila wadi ya mtaa wa kale. New Orleans ilikaza zaidi mwaka 2019 kwa kudai mpangishaji katika mitaa ya makazi awe anaishi humo. Agosti 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho ililifuta sharti hilo, ikisema linawabagua watu wa majimbo mengine, na mwaka uliofuata jiji likarudi na kanuni ya kibali kimoja kwa kila bloku. Hukumu ile inazifunga Louisiana, Texas na Mississippi. South Carolina iko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, kwa hiyo sharti la Charleston bado limesimama, ingawa kesi kama hiyo inaweza kufunguliwa huko pia.

Hoja hizo zinampata sawasawa mwekezaji wa mbali. Zikielekezwa kwa mjane anayepangisha vyumba viwili vya nyuma, zinakosa shabaha, na ukitaka kujua kwa nini, itazame nyumba yenyewe.

Nyumba ya kawaida ya Charleston ina upana wa chumba kimoja. Upande mwembamba unatazama barabara. Upande mrefu unaelekea kusini au magharibi, na huko ndiko zilipo baraza ndefu za ghorofa mbili au tatu, ambazo wenyeji huziita piazza. Zinakinga jua la mchana na kupokea upepo wa bahari. Mlango unaouona barabarani haukuingizi nyumbani, unakuingiza barazani. Huko nyuma, mbali kidogo kwa hofu ya moto, kuna jengo la matofali: chini palikuwa jiko na mahali pa kufulia, juu vyumba vya kulala. Fleti ya wageni mara nyingi ni jengo hilo la nyuma, au ni ghorofa ya chini ya nyumba kubwa. Zote mbili ndizo sehemu zinazougua mapema kuliko nyingine.

Matofali ya zamani ya huko yalifinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto usiolingana, kwa hiyo ni laini na hunywa maji. Yameshikwa na chokaa, mara nyingi ya magamba ya chaza yaliyochomwa. Sogeza uso karibu na kiungo, yaani mstari wa chokaa kati ya tofali na tofali, utaona chembe nyeupe za gamba ambazo moto haukuzimaliza. Kwaruza kwa ufunguo, unga unadondoka. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, aliyezoea chokaa ya matumbawe, hahitaji kuelezwa zaidi. Ukuta wa namna hii hupumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini, yakiwa na chumvi, hutokea kwenye viungo na kukauka. Viungo vikizibwa kwa saruji ya Portland, maji hukosa njia, hutokea usoni mwa tofali lenyewe, chumvi inaganda ndani na uso unabanduka. Baada ya miaka kadhaa saruji inabaki imechomoza kama fremu tupu, na tofali limelika likarudi ndani. Tofali lililofika hapo halitibiki, linang'olewa.

Kazi sahihi ni ya polepole. Kiungo kilichochoka huchongwa kwa patasi, maana mashine ya kukatia huparuza kingo za tofali. Kina chake ni mara mbili hadi mbili na nusu ya upana: kiungo cha milimita 10 huchongwa milimita 20 hadi 25. Vumbi hutolewa lote, ukuta huloweshwa. Mchanganyiko ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 2.5 hadi 3, na mchanga huchaguliwa ufanane na wa zamani kwa rangi na ukubwa wa chembe. Chokaa hiyo hujazwa kwa tabaka za milimita 6 hivi, na kila tabaka husubiriwa mpaka kidole gumba kikibonyeza kinaacha alama bila kuzama. Kwa kina cha milimita 25 hizo ni tabaka nne. Kisha ukuta hufunikwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa ikikaushwa na jua kwa haraka hugeuka vumbi. Mtu anayeishi mji mwingine atatumiwa picha ya ukuta uliokamilika, na kwenye picha saruji na chokaa hufanana. Anayeishi hapo humwona fundi akishuka na ndoo, akaona ndani ya ndoo mna nini.

Kosa la pili ni baridi, na hili humhusu mgeni moja kwa moja. Mwezi Julai hewa ya Charleston hubeba mvuke mwingi kiasi kwamba kitu chenye nyuzi 23 au 24 huanza kutoa jasho. Mgeni anatoka juani, anashusha kiyoyozi hadi nyuzi 18, analala vizuri. Sakafu ya mbao za msonobari inapoa hadi upande wa chini, hewa nzito ya chini ya sakafu inaigusa, na matone yanaanza. Baada ya misimu miwili mbao zinakunjika kingo, ukungu unaota kwenye boriti, na mchwa wanapata walichokuwa wakikitafuta. Wageni wakibadilishana kila siku nne, hakuna hata mmoja anayekaa muda wa kutosha kuisikia harufu ile ikianza. Dawa yake inajulikana: kiyoyozi kifungwe kisishuke chini ya nyuzi 23 au 24, mashine ya kuondoa unyevu ishikilie 50% hadi 55%, udongo wa chini ya sakafu utandikwe karatasi nzito ya plastiki, na kuta za tofali zisipakwe rangi ya mpira wala kubandikwa karatasi isiyopitisha hewa. Lakini dawa hizi zinamtaka mtu anayelala juu ya fleti hiyo, anayesikia usiku wa manane kwamba kiyoyozi hakijazima tangu jioni. Sharti la 2018 liliandikwa ili kulinda mitaa ya makazi. Faida yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hii.

Watu huuliza kwa nini mwenye nyumba asitumie misaada ya kodi. Serikali ya shirikisho hutoa punguzo la kodi la 20% ya gharama za kukarabati jengo la kihistoria, likigawanywa kwa miaka 5, lakini ni kwa jengo linaloingiza kipato tu. Nyumba unayolala mwenyewe haihesabiki. Fleti inayopangishwa inaweza kuhesabika, kwa sehemu yake. Tena ndani ya miezi 24 gharama lazima zizidi dola 5,000 au thamani ya jengo kwenye hesabu zake za kodi, kwa kuangalia iliyo kubwa. Aliyenunua majuzi kwa bei ya leo ya Charleston hafikii mstari huo akijaza viungo na kubadilisha mbao za baraza. Upande wa maji, bima ya mafuriko ya serikali huishia dola 250,000 kwa jengo la makazi, na bandarini Charleston maji yakifika futi 7 mitaa ya chini huanza kulowa hata bila mvua. Pesa ya wageni wanne, mwaka hadi mwaka, ndiyo inayolipa patasi na magunia.

Kodi ya nyumba katika jimbo hilo nayo tayari inamtambua anayelala hapo. Nyumba ya makazi ya mwenyewe hutozwa kodi juu ya 4% ya thamani yake, nyingine juu ya 6%, na mkaaji husamehewa kodi ya uendeshaji wa shule. Hata hivyo mwekezaji hulipa hiyo 6% na bado anamshinda mwenyeji kwenye bei. Ndiyo maana kikomo dhidi yake nakiunga mkono bila kusita.

Lipo jambo ambalo watetezi wa fleti hizi, mimi nikiwamo, hatuna budi kulikubali: mengi ya majengo hayo ya nyuma yalikuwa na wapangaji wa kudumu kabla ya watalii, wakiwemo wanafunzi na wafanyakazi wa mjini. Kibali cha wageni kikiondoa mpangaji wa miaka sita, hasara hiyo ni ya kweli, na chokaa haiifidii.

Tena kuna swali la nani alilala humo kwanza. Vyumba vya juu ya jiko vilikuwa vya watu waliofanywa watumwa. Hii si dhana. Katika nyumba ya Aiken-Rhett, ambayo sasa ni makumbusho, vyumba hivyo viko wazi kwa watazamaji. Mwaka 2021 wanaakiolojia walipochimba kiwanja cha chuo kimoja mjini humo, mahali palipokuwa na jiko, walipata kibati cha shaba cha mwaka 1853, cha aina ambayo mtumwa aliyekodishwa nje ya nyumba ya bwana wake alilazimika kuwa nacho. Na kwenye matofali ya kuta za mji, usawa wa macho, unaweza kuweka vidole vyako ndani ya alama za vidole vilivyobeba tofali likiwa bado bichi. Alama nyingine ni ndogo mno kuwa za mtu mzima.

Katikati ya mwaka 2022 video ilisambaa kuhusu kibanda cha watumwa cha miaka ya 1830 huko Greenville, Mississippi, kilichokuwa kikipangishwa kwa watalii. Airbnb, kampuni ya mtandaoni iliyokuwa na tangazo lake, iliomba radhi, ikaahidi kuondoa matangazo yote yanayojulikana kuwa ya makao ya watumwa. Hasira ile ilikuwa ya haki kabisa. Kuuza mateso ya watu kama mandhari ya likizo ni aibu. Lakini tazama kilichofuata kimantiki kwa Charleston. Anayesema ukweli kuhusu jengo lake la nyuma anaondolewa, anayenyamaza anabaki. Chumba kinaendelea kupangishwa, neno ndilo linalofutwa. Joseph McGill, aliyeanza mwaka 2010 kulala katika makao ya watumwa kuanzia shamba la Magnolia nje ya Charleston, alifanya hivyo ili majengo hayo yasibomoke yakasahaulika, na alilala humo akiyataja kwa jina lake. Halmashauri ya jiji iliomba radhi kwa utumwa mwezi Juni 2018, mwaka uleule wa sheria ya kupangisha. Ingeweza kuongeza mstari mmoja kwenye kibali: historia ya jengo iandikwe kwenye tangazo na mlangoni.

Kwa anayetafuta mahali pa kulala huko, tangazo lisilo na nambari ya kibali liache. Uliza mwenye nyumba analala sehemu gani ya kiwanja. Kwa ghorofa ya chini, uliza maji yaliingia lini mara ya mwisho. Ukifika, fungua dirisha la chumbani: kingo ya chini isizidi mita 1.12 kutoka sakafuni na mtu mzima aweze kupita, kwa sababu nyumba hizi ni mbao kavu ndani na ngazi ni moja. Sikia harufu kabla ya kushusha begi. Na tangazo likiliita jengo la nyuma banda la magari ya farasi, halafu ndani ukakuta meko pana kiasi cha mtu kuingia akiinama, hapo palikuwa jiko. Mwulize mwenye nyumba ni nani waliokuwa wakilala juu yake, usikie kama anajua.