Nilivyomwamkia Mzee Nikiwa Ndani ya Ndoo

Mimi ni fundi wa vigae. Kazi yangu, kwa miaka 14 sasa, ni kuhakikisha kwamba sakafu za watu wa Paris na vitongoji vyake zimelala sawasawa kama maji mtungini, na ndani ya mkoba wangu mna pimamaji tatu: moja ndefu ya sentimita 120, moja ya kati ya sentimita 60, na kitinda mimba wao anayeingia mfukoni. Namwomba msomaji azikumbuke pimamaji hizo, maana mimi mwenyewe nilizisahau kwa siku mbili nzima, na yaliyotokea yalishuhudiwa na mama mkwe wangu.

Chombo kilichoniponza hapa Ufaransa huitwa gyroroue. Ni gurudumu moja la umeme lenye pedali mbili zinazokunjwa ubavuni, lisilo na usukani, wala kiti, wala breki ya kukamata kwa mkono. Vyombo vya namna hii vilianza kuonekana mitaani mwanzoni mwa miaka ya 2010, baada ya mvumbuzi wa Marekani, Shane Chen, kuingiza sokoni Solowheel yake, na tangu mwishoni mwa mwaka 2019 sheria za barabarani za Ufaransa zinavitambua rasmi, kwa sharti la kutozidi kilomita 25 kwa saa na kutopanda njia ya waenda kwa miguu. Mimi nililinunua la mtumba kutoka kwa bwana mmoja mwenye kilo zisizopungua 110, aliyenikabidhi pamoja na chaja, kinga za viganja na nasaha nyingi. Mimi nina kilo 64, tena nikiwa nimeshiba.

Siri ya gurudumu hili ni kwamba halina werevu wowote isipokuwa kujua liko wima au limeinama. Ndani yake mna jairoskopu, yaani kifaa kinachohisi kuzunguka, na vihisio vinavyopima mwinamo wake bila kupumzika. Ukiegemea mbele, mota hulisukuma gurudumu lije chini yako lisikuache uanguke, nawe unaita huko kwenda. Ukiegemea nyuma, mota huzuia, nawe unaita huko kusimama. Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo kila mpandaji huyachezea kwenye programu ya simu. La kwanza ni mwinamo wa pedali, yaani pembe ambayo gurudumu linaihesabu kuwa ndiyo usawa: ukiongeza, ncha za pedali huinuka na vidole vya miguu hutazama juu, ukipunguza, vidole hutazama chini. Wageni wengi hudhani kwamba pedali zikiinamishwa mbele gurudumu litakwenda kasi zaidi. Sivyo, kinachobadilika ni pembe ya nyayo tu, na kama ni maumivu, basi ni ya vifundo na muundi. La pili ni ugumu wa pedali. Zikiwa ngumu, hazicheki na mtu, unasimama kama uliyesimama sakafuni, na kila jiwe la barabarani linakupigia hodi magotini. Zikiwa laini, huinama kidogo mbele unapoongeza mwendo na huinuka unapofunga breki, mfano wa ngalawa inayopanda na kushuka mawimbi.

Sasa turudi jikoni kwangu, ambako balaa lilizaliwa Ijumaa jioni. Kabla ya kurekebisha chochote, programu inakutaka ulisimamishe gurudumu wima mahali tambarare, kisha ubonyeze kitufe ili lijifunze upya usawa uko wapi. Nililisimamisha katikati ya jiko, likitazama dirishani, nikabonyeza, likalia mara mbili kuonyesha kwamba limeelewa. Jengo letu la hapa Pantin, kitongoji cha Paris, ni kongwe. Nilikuwa nikijua fika, kwa muda wa miaka sita, kwamba limau likianguka karibu na mlango hulazimika kutafutwa chini ya friji iliyo upande wa dirisha, lakini maarifa hayo nilikuwa nimeyaweka katika kabati la mambo ya nyumbani, si katika kabati la mambo ya ufundi.

Jumamosi asubuhi nilitoka nalo nikaona vidole vya miguu vinatazama chini kama vya mtu anayeshuka ngazi. Nikasema moyoni kwamba bwana yule wa kilo 110 bila shaka alizipinda pedali kwa uzito wake, nikafungua programu, nikaongeza mwinamo nusu digrii baada ya nusu digrii mpaka nilipofika nyuzi 3, na hapo nyayo zikalala sawa. Kama ningekomea hapo, hadithi hii isingekuwapo.

Nilipolirudisha nyumbani, nikiwa nimelishika mpini, sikulizima. Magurudumu mengine yana kitufe chini ya mpini kinachonyamazisha mota pindi ukiliinua; kitufe cha langu kilikuwa marehemu tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Nilipoingia jikoni na kulitega kidogo ili lipite kati ya meza na friji, lenyewe likahisi limeinama, na kwa kuwa tairi lilikuwa hewani, likaanza kuzunguka kujaribu kuniokoa nisianguke, na kadiri lilivyozunguka bila kugusa ardhi ndivyo lilivyozidi kuamini kwamba hali ni mbaya. Tope la mfereji lilichora mstari mmoja mnyoofu kuanzia mlango wa friji, likapita kwenye kalenda, likaishia darini. Kisha tairi likakamata pindo la kanga ya mama mkwe, aliyotoka nayo Tanga wiki mbili kabla, iliyokuwa imeanikwa kwenye kiti. Kanga hiyo imeandikwa “Usisafirie nyota ya mwenzio.” Gurudumu lilimeza nyota, likamaliza na mwenzio, ndipo likakwama na kuanza kupiga king'ora.

“Mume wangu,” mke wangu akauliza kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu asiyetaka sana kujibiwa, “hiyo ni friji au ni wewe?”

Mama mkwe yeye alisimama mlangoni, akaitazama kanga, akanitazama mimi, akasema kwa upole uliozidi matusi, “Pole, baba.” Kanga ilitolewa kwa mkasi.

Nilihofia kwamba kelele ile yote imevivuruga vihisio, hivyo Jumapili asubuhi nikaamua kulisawazisha upya. Nililipeleka jikoni kama mwanzo, ila mahali pangu pa Ijumaa palikuwa pamechukuliwa: mama mkwe alikuwa amekalia mbuzi kando ya dirisha, akikuna nazi, na haikuwa adabu kumwomba anyanyuke, hasa baada ya ile kanga. Nikaligeuza gurudumu, likatazama mlangoni. Nikabonyeza. Likalia mara mbili.

Ifahamike kwamba Ijumaa nililifundisha gurudumu kuwa mteremko ndio usawa, Jumamosi nikalidanganya kwa nyuzi 3 ili kuuziba uongo wa kwanza, na Jumapili nikalifundisha kuwa mlima ndio usawa, huku ule uongo wa Jumamosi ukiwa bado uko palepale. Mtu wa hesabu atakuwa ameshapata nyuzi 6 za ncha kutazama mbinguni. Mimi sikuzipata, kwa sababu dakika hiyohiyo nilikumbuka nasaha ya yule bwana, kwamba ugumu wa pedali yeye huuweka 20 katika 100, maana ulaini unafaa kwenye mawe. Nikauteremsha kutoka 90 hadi 20. Nilipojaribu kwenye korido, mkono ukiwa ukutani, nikahisi vidole vimeinuka, nikajiambia: ahaa, huu ndio ulaini wenyewe.

Alasiri tulikwenda sote kando ya mfereji wa Ourcq, karibu na majengo ya Grands Moulins, vile vinu vya zamani vya nafaka. Mke wangu alibeba chupa ya chai, mama mkwe akakaa kwenye benchi, nami nikavaa helmeti, kinga za viganja na kinga za magoti, nikaondoka kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba anatazamwa na mkwewe. Nilipoongeza mwendo, pedali laini ziliinama mbele kidogo zikapunguza ule mwinuko, kwa hiyo kwa mita 200 za mwanzo nilijisikia vizuri kupita kiasi. Nikageuka. Nikarudi. Nilikuwa kwenye kama kilomita 18 kwa saa nilipoona mbele yangu mzee mmoja mvuvi, fimbo mbili za ndoana, kiti cha kukunja, na ndoo.

Nilifunga breki kwa kuegemea nyuma, kama nilivyozoea. Hapo ndipo ulaini ulipoonyesha upande wake wa pili: pedali ziliitikia kuegemea kwangu kwa kuinuka, zikaongeza nyuzi zao juu ya zile 6 zilizokuwapo, visigino vikazama, na viatu vyangu, ambavyo kwa tamaa ya kupendeza nilikuwa nimevaa vyenye soli nyororo, vikaanza kuteleza kurudi nyuma polepole. Nakumbuka vizuri ncha za viatu vyangu: zilikuwa zimeuelekea mnara wa jengo lile la zamani la kusagia nafaka ng'ambo ya mfereji. Gurudumu lilikuwa likipunguza mwendo, lakini kwa taratibu zake, bila kutambua kwamba mimi na lenyewe tumeshaachana. Likaendelea mbele peke yake, likayumba, likagonga nguzo ya kufungia matishali na kulala ubavu, hatua mbili tu kabla ya maji. Mimi niliteremka nyuma, nikapiga hatua tatu ambazo sikuzipanga, nikakaa kitako ndani ya ndoo ya chambo.

Chambo cha wavuvi wa huku ni makombo ya mkate yaliyolowekwa, yakachanganywa na mabuu hai. Ndoo ilikuwa ya lita 20, nami niliingia kadiri ya kimo changu; magoti yalikuja usawa wa kidevu, na hakuna mkono uliofika chini kunisaidia kunyanyuka.

Yule mzee hakushtuka. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro, iliyopitia Unguja, “Mwanangu, umekalia chakula cha samaki.” Alikuwa amenisikia nikitaja jina la Mola kwa lugha hiyo nilipokuwa njiani kuja.

Mtoto wa Tanga aliyelelewa hana njia nyingine. Nikasema, “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo, mzee.”

“Nyumbani hawajambo?”

Wakati huo nyumbani walikuwa wamefika mbio, chupa ya chai mkononi. Mama mkwe, aliposikia Kiswahili, alisahau kabisa kilichomleta. Yeye na mzee waliulizana hali, wakaulizana habari za watoto, wakaulizana nyumba; mzee akaeleza kwamba aliishi Unguja, mtaa wa Malindi, ujanani; mama mkwe akasema anao jamaa zake Malindi; wakatafutana kwa majina mpaka wakaambatana kwa marehemu mmoja aliyewahi kuwa na duka la nguo. Walipeana pole. Muda wote huo mabuu walikuwa wakifanya safari zao ndani ya suruali yangu, na kila nilipofungua kinywa mke wangu alinionya kwa jicho kwamba si vizuri kuwakatiza watu wazima. Hatimaye mzee alishika mkono mmoja, mke wangu akashika wa pili, ndoo ikakubali kuniachia kwa mlio ambao sitauandika hapa.

Nilimlipa mzee chambo chake, ingawa alikataa mara mbili kwa adabu na kupokea mara ya tatu.

Usiku ule, mama mkwe alipokuwa akikamulia samaki limau, limau moja lilimponyoka karibu na mlango. Likaanguka, likatulia kidogo kama linafikiri, kisha likaondoka lenyewe, likapita chini ya meza, likaongeza kasi, likapotea chini ya friji. Yeye akalifuata kwa macho hadi mwisho.

“Baba,” akaniuliza, “hivi wewe kazi yako hasa ni ipi?”

Sikumjibu. Nilikwenda koridoni, nikaileta pimamaji ya sentimita 60, nikailaza sakafuni kutoka mlangoni kuelekea dirishani. Kiputo kilikimbilia upande wa mlango kikajibanza pembeni. Nikaweka kipande cha kigae cha unene wa sentimita 1 chini ya ncha ya upande wa dirisha, kiputo hakikusogea. Nikaweka cha pili, kikajitikisa. Cha tatu kilipoingia, kiputo kikaja chenyewe kikakaa katikati ya mistari miwili, kimetulia, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Sentimita 3 katika 60: ndizo zile nyuzi 3, zimelala jikoni kwangu miaka sita.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, nililisawazisha gurudumu katika nyumba ya mteja, juu ya sakafu niliyoilaza mwenyewe na kuikagua kwa pimamaji ya sentimita 120 mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Nikarudisha mwinamo hadi sifuri, nikalijaribu, nikaongeza nusu digrii tu kwa sababu napenda kusikia kisigino kimetulia ninapofunga breki, na ugumu nikaupandisha hadi 80. Linakwenda vizuri mno.

Siku hizi, hata hivyo, silipandi. Mama mkwe amekwisha zungumza na bintiye, bintiye akazungumza na mwenye nyumba, na mwenye nyumba akakubali kununua saruji ikiwa kazi ya mikono itakuwa bure. Hivyo kila Jumamosi niko jikoni kwangu, magotini, nikiinua sakafu upande wa dirisha. Zile kinga za magoti zimenifaa sana. Gurudumu liko koridoni, limefunikwa nusu ya kanga iliyobaki, ile yenye neno “Usisafirie.”