Kinyongo Changu na Waigizaji Wasio na Hatia

Mimi sina ugomvi na filamu. Ugomvi wangu ni na kumbukumbu yangu, ambayo haijui kumtenganisha mwigizaji na alichoigiza, na ambayo ikishamwona mtu amekosa mara moja humhukumu kifungo cha maisha.

Mtazame Anthony Hopkins. Katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991 aliigiza daktari mla watu, na ingawa haonekani hata kwa nusu saa, muda huo ulimtosha kupata Tuzo ya Oscar, na ukanitosha mimi kulala taa ikiwaka kwa wiki kadhaa. Yale macho yasiyopepesa! Baadaye nikaketi, kwa nia njema kabisa, kutazama The Remains of the Day ya mwaka 1993, ambamo bwana huyo huyo ni mtumishi mkuu katika jumba la Mwingereza tajiri, mpole, mwenye haya, anayempenda msimamizi wa nyumba na kushindwa kulisema. Kuna mahali Emma Thompson anamfuata hadi pembeni mwa chumba na kumbandua vidole, kimoja baada ya kingine, ili aone kitabu anachokificha kifuani. Wenzangu walikuwa wakipangusa machozi, mimi nilisimama nikapaza sauti, "Dada, toka humo, huyo anakula watu!" Kumbe kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya mapenzi.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia bila kunitazama, "ile ilikuwa kazi yake, na hii nayo ni kazi yake."

Hilo nalijua. Hata Amjad Khan, aliyekuwa jambazi Gabbar Singh katika Sholay ya mwaka 1975, alipokuja kuigiza mtawala mpenda mashairi miaka miwili baadaye, nilikuwa nikisubiri tu aagize mtu apigwe risasi.

Lakini kinyongo kikubwa kuliko vyote nimemwekea Kate Winslet, kwa sababu ya ule ubao wa Titanic ya mwaka 1997, alioelea juu yake baada ya meli kuzama huku mpenzi wake akiganda majini hadi kufa. Mke wangu hunikumbusha kwamba Leonardo DiCaprio, aliyeigiza mpenzi huyo, alijaribu kupanda, ubao ukapinduka. Alijaribu mara moja tu! Mtu anayekosa kiti kwenye basi hujaribu zaidi ya hapo. Matokeo yake, nilipomwona kijana yule katika The Revenant ya mwaka 2015 akichukuliwa tena na maji ya barafu, nilimwuliza kwa uchungu wa kweli kama yale ya mwaka 1997 hayakumtosha.

Mwaka 2009 bibi huyo alitwaa Oscar kwa filamu ya The Reader. Ukumbi mzima ulishangilia, na nyumbani kwangu pia walishangilia. Mimi nilikunja mikono kifuani, nikasema kwamba sanamu ile inaonekana ndogo, lakini kwa watu wawili ingetosha.