Hesabu Mbili za Reli ya Mombasa–Nairobi

Tangu treni ya abiria ya Madaraka ianze safari zake tarehe 1 Juni 2017, Wakenya wamekuwa wakibishana iwapo reli mpya ya Mombasa–Nairobi ni mafanikio au ni hasara. Msafiri aliyezoea kukesha ndani ya basi nyuma ya msururu wa malori, kuanzia Mariakani hadi Mlolongo, huiona ni neema, kwa kuwa sasa hufika kwa muda wa saa tano au sita. Mlipakodi anayesoma ripoti za Bunge kuhusu madeni ya nchi huiona ni mzigo. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kwa maoni yangu hakuna anayedanganya. Tatizo ni kwamba wanasoma madaftari mawili tofauti na kudhani ni moja. Liko daftari la kuendesha treni, na liko daftari la kulipia njia ambayo treni hizo hupita juu yake. Shirika la Reli la Kenya limeandikwa katika yote mawili.

Katika daftari la kwanza, hali si mbaya kama inavyosemwa barazani. Ikumbukwe jinsi mambo yalivyokuwa kabla: reli ya zamani ilikuwa imekabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kuanzia mwaka 2006, na mkataba ulipovunjwa mwaka 2017 mabehewa yalikuwa machache na treni zilikuwa zikisafirisha sehemu ndogo mno ya shehena ya bandari. Reli mpya yenye urefu wa kilomita 472 ilianza kubeba mizigo Januari 2018, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa imevuka tani milioni 6 kwa mwaka, huku abiria wakizidi milioni 2. Kazi ambazo awali zilifanywa na Afristar, kampuni ya Kichina iliyopewa uendeshaji, zimekuwa zikihamishiwa kwa shirika lenyewe tangu mwaka 2021, zikiwemo kukata tiketi na ulinzi.

Hata hivyo, kusafirisha tani nyingi si sawa na kupata faida. Kamati ya Bunge ya uchukuzi iliripoti mwaka 2020 kwamba, tangu kuanza hadi Mei mwaka huo, reli ilikuwa imeingiza takriban shilingi bilioni 25 ilhali gharama za uendeshaji zilikuwa karibu bilioni 47. Sababu moja ni ya kimaumbile, wala haiwezi kuondolewa kwa kubadilisha meneja. Kenya huagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza nje, hivyo treni hupanda kwenda bara zikiwa zimejaa makontena na hurudi pwani zikiwa na mabehewa mengi matupu, ingawa mafuta, madereva na uchakavu wa njia hulipiwa kwa safari zote mbili. Chai ya Kericho, ambayo ingeweza kujaza baadhi ya mabehewa hayo, huanzia mahali ambapo reli mpya haijafika, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa hushuka hadi maghala ya Mombasa kwa lori.

Sababu ya pili ni kipande cha mwisho cha safari. Kontena likifika bandari kavu ya Embakasi haliko bado mlangoni mwa mwenye mali. Hupakuliwa, likasubiri zamu na kibali, kisha hupakiwa tena kwenye lori kuelekea bohari. Mwagizaji hujumlisha gharama hizo zote, na hapo nauli nafuu ya treni hupoteza utamu wake. Kuhusu abiria, Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, lakini reli hii haikujengwa iishi kwa nauli za abiria.

Kwa miaka kadhaa Serikali ilijaribu kulitatua suala la shehena kwa amri: makontena ya bara yalitakiwa kupanda treni, mwagizaji apende asipende. Mombasa iliumia. Wenye malori, vituo vya kuhifadhia makontena, na hata wauza chakula wa Mtito Andei na Voi waliona riziki ikipita mbele yao juu ya madaraja ya zege. Rais William Ruto aliiondoa amri hiyo Septemba 2022, mara tu baada ya kuapishwa, na wengi walitabiri kwamba treni zitabaki tupu. Haikuwa hivyo, mizigo iliendelea kuwa juu ya tani milioni 6 mwaka uliofuata. Kwangu huu ndio ushahidi wenye uzito zaidi kwa upande wa watetezi wa reli, kuliko hotuba yoyote ya uzinduzi, kwa sababu ni takwimu ya mteja aliyekuwa na uhuru wa kuchagua. Lakini ushahidi huohuo una makali upande wa pili: njia iliyosanifiwa kubeba tani milioni 22 kwa mwaka ilitumika chini ya theluthi moja.

Tufungue sasa daftari la pili. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim ya China takriban dola bilioni 3.2 kwa ajili ya kipande cha Mombasa–Nairobi. Karibu nusu ilikuwa mkopo wa masharti nafuu wenye riba ya asilimia 2, na nusu nyingine ulikuwa mkopo wa kibiashara uliofungwa kwenye riba ya LIBOR ya London, iliyokuwa ikipanda na kushuka kufuata soko, ikiongezwa asilimia 3.6, ulipwe kwa miaka 15 ukiwa na miaka mitano ya neema, yaani ya mwanzo kabla ya kuanza kurejesha deni lenyewe. Baadaye ukaja mkopo mwingine wa dola bilioni 1.5 kwa kipande cha kufika Naivasha, kilichofunguliwa Oktoba 2019. Miaka ya neema iliisha kabla shehena haijakomaa. Riba za dunia zikapanda kuanzia mwaka 2022, na shilingi ikaporomoka hadi dola moja ikauzwa kwa takriban shilingi 160 mwanzoni mwa 2024. Hakuna meneja wa reli, hata angekuwa hodari kiasi gani, ambaye angeweza kukimbizana na hesabu hiyo kwa kuuza nafasi za makontena kwa shilingi.

Ndiyo maana, Oktoba 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi alitangaza kwamba mikopo hiyo imegeuzwa kutoka dola kuwa yuani, hatua inayotarajiwa kuokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Ni nafuu ya kweli. Tukumbuke tu kwamba imepatikana mezani pa Hazina Kuu, si kwenye reli. Hakuna tani moja iliyoongezeka kwa sababu yake.

Watetezi huuliza: barabara ya Mombasa–Nairobi nayo ilileta faida lini? Hoja hiyo ina nguvu. Miundombinu hulipa kupitia uchumi mzima, na ajali na moshi uliopungua haumo katika mizania ya shirika lolote. Hata reli ya mkoloni iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 iligharimiwa na walipakodi wa Uingereza. Ila mlinganisho huo haujakamilika, kwa kuwa mwenye lori hulipia barabara kila anaponunua dizeli, kupitia tozo iliyopandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Anayeitumia sana huilipia sana. Reli hulipiwa kwa namna nyingine kabisa: kuanzia 2013 kila mzigo unaoingia nchini kwa matumizi ya ndani hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ambao umekuwa ukipanda na kushuka kati ya asilimia 1.5 na 2 ya thamani. Mfanyabiashara anayeagiza mitumba na kuiuza Kongowea, umbali mfupi kutoka bandarini, hulipa sawasawa na yule wa Gikomba, Nairobi, ingawa marobota yake hayataiona treni maishani. Kwa hiyo anayesema reli ina hasara na anayesema Serikali inaimudu wanazungumzia fedha zilezile, zilizokwisha kutoka mfukoni mwa mnunuzi wa shati.

Hapa ndipo upanuzi wa kutoka Naivasha kwenda Kisumu hadi Malaba unapohitaji kutazamwa bila ushabiki. Kiuendeshaji, una mantiki. Leo shehena ya Uganda huhamishiwa kwenye reli ya zamani ikifika Naivasha, na Uganda imekwisha kutia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi, Oktoba 2024, wa kujenga kilomita 272 za Malaba–Kampala. Tanzania nayo imeanza kuendesha treni za umeme hadi Dodoma tangu 2024, hivyo wateja wa maziwa makuu wanapewa njia mbadala. Reli inayoishia katikati ya Bonde la Ufa haitaujaza uwezo wake. Lakini Serikali imesema itagharimia ujenzi kwa kukopa dhidi ya mapato yajayo ya ushuru uleule wa reli, na mikopo ya kipande cha kwanza bado ina miaka ya kulipwa. Mpango utakaopelekwa Bungeni unapaswa kuonyesha, mwaka kwa mwaka, ni shilingi ngapi za ushuru huo zitakwenda kwa wadai wapya, ngapi zitabaki kwa Benki ya Exim, na pengo litakalobaki litajazwa kutoka fungu gani.