Ndoo Mbovu Ni Mali, Ganda la Yai Subiri Kwanza

Anayetaka kulima mboga bila kutoboka mfuko aanze na vyombo vilivyochoka, si na hizi "mbolea za jikoni", kama maganda ya mayai na ya ndizi, zinazosifiwa kila kukicha. Vyombo vinalipa mara moja. Maganda mengi hayana haraka hiyo.

Ndoo ya lita 20 iliyokatika mkono inatosha kulea mche mmoja wa nyanya hadi uzae. Kinachoiharibu ni matundu. Watu hutoboa moja tu katikati ya kitako, wakaiweka ndoo sakafuni, tundu likaziba. Maji yanatuama, mizizi inakosa hewa na kuanza kuoza. Juu, majani yananyauka, na mwenye bustani akidhani ni kiu anazidi kumwagilia! Pasha msumari moto, toboa matundu manane ya upana wa sentimita 1 hivi: matano kwenye kitako, matatu ubavuni karibu kabisa na chini. Kisha ikalishe juu ya vipande vya matofali.

Na tafadhali, acha kutandika kokoto ndani. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule uwe umelowa chapachapa, kwa hiyo unachofanya ni kulisogeza tope karibu na mizizi. Jaza udongo mpaka chini. Ila ndoo iliyowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali nyingine haifai kwa chakula, hata uisugue vipi.

Kwa miche, chupa ya maji ya lita 1.5 haina mpinzani. Ikate theluthi moja kutoka juu, toboa kizibo, pitisha utambi wa kitambaa cha pamba, halafu geuza kipande cha juu kichwa chini kikae ndani ya kile cha chini. Utambi ufike kwenye maji, na kwa juu uingie sentimita 5 ndani ya udongo. Uloweshe kabla ya kupanda, la sivyo huenda usianze kuvuta maji. Kitambaa cha nailoni hakivuti vizuri. Zungushia karatasi sehemu yenye maji, maana mwanga ukiingia maji yanaota ukijani.

Sasa maganda ya mayai. Yana kalisi (kalsiamu) kweli, lakini vipande vikubwa hukaa ardhini miaka bila kuoza. Saga yawe unga. Hata hivyo, nyanya zikioza kitako, mara nyingi kosa ni umwagiliaji wa kuruka siku: kalisi husafiri na maji, na maji yakikatika tunda linakosa. Maganda ya ndizi nayo, badala ya kuyaloweka mpaka yavundike na kukusanya nzi, yakatekate uyatie kwenye mboji.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanakufa kwa sabuni ya maji isiyo na viungo vya kung'arisha: kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Isizidi hapo, majani yataungua. Jaribu kwanza majani mawili matatu, ngoja siku nzima. Nyunyiza jioni, na elekeza chini ya jani, kwa sababu sabuni humuua yule tu iliyemgusa, ikishakauka haina kazi tena. Rudia baada ya siku 5 hadi 7.