Waangalizi wa uchaguzi: tuwategemee wageni au watu wa hapahapa?

Tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, mazungumzo ya siasa pale Mwanjelwa au Uyole, Mbeya, hayachelewi kuwafikia waangalizi. Kuna wanaosema wageni wale walikuja, wakaona, wakaondoka, na hakuna kilichobadilika. Wengine wanajibu kwamba bila wao tusingekuwa na andiko lolote la kushika. Pande zote zina hoja, ila uzito wake si sawa.

Nianze na wageni. Ujumbe wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, chini ya Richard Msowoya, Spika wa zamani wa Bunge la Malawi, ulisema katika taarifa yake ya awali kwamba maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kudhihirisha matakwa yao. Umoja wa Afrika nao ukasema uchaguzi ule haukufikia misingi na viwango vyake. Kwa jumuiya zilizozoea kupongezana, hayo ni maneno mazito. Mkazi wa Tunduma akiyasema ataitwa mchochezi. Yakitoka kwa jumuiya ambayo sisi wenyewe ni wanachama, ni vigumu kuyatupa.

Wanaopinga husema nchi huru haihitaji mtu wa kuipa alama. Hoja hiyo ina heshima yake, maana ukoloni tunaujua. Lakini Tanzania nayo huenda kwa wenzake: mwaka 2021 Rais mstaafu Jakaya Kikwete aliongoza waangalizi wa Jumuiya ya Madola nchini Zambia, wala hatukusema ameingilia uhuru wa mtu.

Udhaifu wa wageni hasa uko kwenye kazi yenyewe. Kenya mwaka 2017 waangalizi wakubwa wa kimataifa waliusifu upigaji kura, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Malawi mwaka 2019, fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe zilijadiliwa mahakamani kwa miezi, hadi uchaguzi ukabatilishwa Februari 3, 2020. Marudio ya Juni mwaka huo yalifanyika wakati wa korona, na waangalizi wa kutoka mbali hawakutegemewa kufika. Wamalawi walilinda kura zao wenyewe, na upinzani ukashinda.

Upande wa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma, somo ni lilelile. Katika uchaguzi wa Zambia wa 2021, mtandao wa asasi za ndani unaoitwa CCMG uliweka watu katika vituo vilivyochaguliwa kitakwimu, ukajumlisha matokeo yake, na hesabu yake ikaafikiana na ya tume. Edgar Lungu, rais aliyekuwa madarakani, alikubali kushindwa. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mgeni aliyefika juma moja kabla, akalala hoteli ya mjini na kuzungukia vituo vya kando ya lami. Nani atamfikisha Makete mvua za kwanza zikianza, au vijiji vya Ludewa vya mwambao wa Ziwa Nyasa ambako watu husafiri kwa boti? Nani atajua kwamba bibi fulani asiyeona hakusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, au kwamba kituo kimewekwa mlimani ambako mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hafiki? Demokrasia jumuishi inapimwa huko, na anayeweza kuipima ni mkazi.

Hata hivyo mkazi naye ana mtihani wake. Kwenye kata ndogo kila mtu anajulikana yuko chama gani, kwa hiyo taarifa yake hutiliwa shaka kabla haijasomwa. Baya zaidi, uchaguzi ukiisha yeye habebi begi kwenda uwanja wa ndege wa Songwe. Anabaki. Mwaka 2015 polisi waliingia kituo cha kukusanyia taarifa cha TACCEO, muungano wa asasi za uangalizi, Dar es Salaam, wakakamata wafanyakazi na kuchukua kompyuta. Mwaka 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima siku ya kupiga kura. Anayemlaumu mwangalizi wa ndani kwa ukimya ayatazame hayo kwanza.

Ndiyo maana naegemea kwa mkazi, nikitaka mgeni awepo kama ngao yake. Vibali vya asasi za ndani vitoke miezi kabla, mwangalizi aruhusiwe kubaki hadi matokeo yabandikwe ukutani, na ayapige picha bila kufukuzwa.

Lakini picha ya fomu ipelekwe wapi? Kwa ubunge, mwenye malalamiko huenda Mahakama Kuu. Kwa urais, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza matokeo yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Mtanzania Jebra Kambole, ilisema Julai 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mwaka 2013 ilikuwa imempa ushindi marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa huku kwetu Ludewa, aliyedai haki ya mgombea binafsi. Tumeingia uchaguzi wa 2025 bila mgombea binafsi na ibara ile ikiwa palepale. Malawi ushahidi wa fomu ulikuwa na jaji wa kuusoma. Hapa kwetu, kwa urais, anayeukusanya kwa taabu Makete hana mahali pa kuupeleka.