Cheti cha Kusanifu Tovuti Bila Kuijua HTML

Shangazi yangu ametuma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mwanawe amerudi kutoka JKT, anasubiri vyuo vikuu vifunguliwe, na mama mtu hataki ashinde nyumbani akichezea simu. Kwa mujibu wa tangazo hilo, kijana yeyote mwenye laki mbili na nusu anaweza kuwa mtaalamu wa kusanifu tovuti wa kiwango cha kimataifa katika wiki 4, "bila kuandika msimbo hata mstari mmoja", na atakabidhiwa cheti mbele ya mgeni rasmi. Shangazi aliniuliza kama ni chuo kizuri. Nilimjibu, "Shikamoo shangazi, asilipe kwanza," kisha nikaona jibu hilo halitoshi, na kwamba watu wengine wenye watoto wanaosubiri vyuo huenda wameletewa tangazo hilohilo.

Nilianza kwa kuifungua tovuti ya chuo chenyewe kwenye simu. Mganga hajigangi, tumesikia, lakini anayetangaza kwamba atawafundisha wenzake kutengeneza tovuti hana udhuru kuhusu ya kwake. Picha ya kwanza, ya wahitimu waliovaa majoho, ilikuwa na upana wa zaidi ya pikseli 4,000 na uzito uliozidi megabaiti 6, yaani ilivyotoka kwenye kamera ndivyo ilivyopakiwa. Nyingine tatu za aina hiyo zilifuata, zikipokezana kwa zamu huku bando langu likiteketea. Aliyeziweka alivuta pembe ya kila picha kwa kipanya mpaka ikaenea mahali pake, akaamini kwamba ameipunguza. Hakuipunguza. Alichopunguza ni eneo ambalo picha inachukua kwenye skrini, na simu ya msomaji bado inalazimika kupakua faili lote. Picha hiyohiyo ingepunguzwa hadi upana wa pikseli 800 kabla ya kupakiwa, aghalabu ingeshuka chini ya kilobaiti 200, na mtazamaji wa simu kwa kawaida asingeona tofauti.

Ukurasa wa fomu ya kujiunga ulikuwa na aibu yake. Maandishi yalikuwa madogo kiasi kwamba ilinibidi niyakuze kwa vidole viwili, nisogee kulia kuona sehemu ya kujaza jina, kisha nirudi kushoto kusoma ninachoulizwa. Chanzo chake ni mstari mmoja tu uliokosekana juu kabisa ya ukurasa, ule unaokiambia kivinjari kwamba upana wa ukurasa ulingane na upana wa skrini. Usipouweka, vivinjari vya simu kwa kawaida huchukulia kwamba ukurasa umetengenezewa kompyuta na una upana wa pikseli 980 hivi, vikaubana wote uenee kwenye kiganja. Mstari huo hufundishwa kwa dakika 5. Mtaalamu wa kimataifa asiyeandika msimbo hatauandika, na kwa kuwa hajui kwamba upo, hatauulizia.

Hapo ndipo lilipo dai langu, na sitalipunguza makali ili nionekane muungwana: programu ya mafunzo ya kitaalamu isiyomfundisha mwanafunzi HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na CSS, lugha ya kuzipangia mwonekano, na isiyomlazimisha kuipima kazi yake kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao wa kusuasua, haifundishi kusanifu tovuti. Inafundisha kuchagua kiolezo, yaani muundo wa tovuti uliokwisha kusanifiwa na mtu mwingine. Hatumwiti fundi umeme mtu anayejua kuchagua swichi zenye rangi nzuri dukani. Tunamwita fundi kwa sababu taa zikizimika anajua nyaya zimepita wapi ukutani. Wanafunzi hawa hukaa mbele ya skrini pana za chuo, kwenye intaneti ya chuo, wakapamba kurasa zitakazofunguliwa na mama lishe wa Temeke au mkulima wa Njombe kwa simu iliyopasuka kioo. Mwanafunzi humaliza mafunzo bila hata siku moja kuambiwa atoe simu yake mfukoni, azime Wi-Fi, na ahesabu sekunde.

Wala hili si jambo geni ambalo wakufunzi hawajapata nafasi ya kulisikia. Msanifu wa tovuti Ethan Marcotte aliandika mwezi Mei 2010 kuhusu usanifu unaojirekebisha kulingana na skrini, akataja nguzo zake tatu: mpangilio unaonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na kanuni za CSS zinazobadilika kufuatana na upana. Tangu wakati huo violezo vyenyewe vimekuwa vikija na nguzo hizo ndani yake, jambo ambalo watetezi wa kozi za haraka hulitumia kama hoja: kama kiolezo kimeshafanya kazi hiyo, mwanafunzi anahitaji nini zaidi? Anahitaji kujua la kufanya siku kiolezo kitakapogoma, na kitagoma.

Alikuja ofisini kwetu kijana kwa mafunzo kwa vitendo, mpole, mwenye cheti chenye muhuri wa dhahabu. Tulimpa tovuti ya nyumba ya wageni ambayo, baada ya programu-jalizi mojawapo, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti, kusasishwa, menyu yake ilishuka ikafunika namba ya simu ya kuwekea nafasi. Alitafuta kitufe cha kuipandisha asubuhi nzima. Alifungua kila ukurasa wa mipangilio, akabadilisha kiolezo, akakirudisha, na mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hapa nadhani inabidi waanze upya." Nilimwonyesha jinsi ya kubofya kulia juu ya menyu na kukichunguza kile kipande kwenye kivinjari. Tukaona kwa pamoja kanuni moja ya CSS inayoining'iniza menyu juu ya kila kitu, tukaizima kwa kuondoa alama ya tiki pembeni yake, na namba ya simu ikatokea. Alicheka. Kisha akakaa palepale akiwasha na kuzima kanuni nyingine, moja baada ya nyingine, akiangalia ukurasa unavyovunjika na kujipanga, mpaka mlinzi alipokuja kufunga mlango. Akili alikuwa nayo, hamu alikuwa nayo, na ada alikuwa ameshalipa. Nilikasirika kwa niaba yake, na sijaacha.

Wenye umri wangu wanakumbuka vyuo vya kompyuta vilivyofundisha FrontPage, programu ya Microsoft ya kutengenezea tovuti ambayo toleo lake la mwisho lilikuwa la mwaka 2003. Baadaye ikaja zamu ya Flash, programu ya kutengenezea michoro inayotembea, na watu walilipa fedha nzuri kujifunza kurukisha maandishi kwenye skrini. Adobe ilikoma kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na vyeti vyake vikabaki kumbukumbu. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ambao mvumbuzi wa wavuti Tim Berners-Lee aliutengeneza kwa HTML akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, umerejeshwa na unafunguka leo kwenye kivinjari chochote. Chuo kinachopanga muhtasari wake juu ya programu moja ya kuburuta na kudondosha kinauza bidhaa ambayo tarehe yake ya mwisho wa matumizi haijaandikwa kwenye kopo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba WordPress, programu ya kutengenezea tovuti kwa violezo, ina mahali pake. Inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, mimi mwenyewe nimelipwa mara nyingi kuitumia, na mteja mwenye duka la vitambaa Kariakoo hana haja ya kujengewa kila kitu kutoka chini. Nakubali pia kwamba si haki kumlaumu mkufunzi peke yake wakati kompyuta ni chache, umeme unakatika, na mwenye chuo anataka mahafali kila mwezi. Ila mwenye chuo huyohuyo anaposema kwamba HTML inapatikana katika "ngazi ya pili" kwa ada nyingine, kama nilivyojibiwa nilipopiga simu kuulizia, huruma yangu inapungua.

Yapo mengine. Kazi za wahitimu walizoweka kwenye ukurasa wao zimeandikwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, lakini msimbo umetangaza kwamba ni Kiingereza, kwa hiyo programu inayomsomea asiyeona huweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kizungu. Fomu zinakusanya namba za simu na tarehe za kuzaliwa bila kueleza sababu, ilhali tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Na hakuna mahali popote wanapofundishwa namna ya kumtoza mteja gharama ya kuitunza tovuti baada ya mwaka wa kwanza, na ndiyo maana nyingi hufa pindi jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti inayolipiwa kwa muda maalumu, linapoisha muda.

Shangazi ameniuliza sasa kijana afanye nini. HTML na CSS zenyewe zinapatikana bure: shule ya mtandaoni ya freeCodeCamp haitozi ada, na maelezo ya MDN, tovuti ya marejeo ya lugha hizo, yako wazi kwa yeyote mwenye bando. Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa ya hayo iko kwa Kiingereza, na anayejifunza peke yake hana wa kumwambia kwamba alichokifanya kinaonekana sawa lakini si sawa. Huyo wa kumwambia ndiye anayestahili kulipiwa. Kwa hiyo nimemwelekeza kijana aende chuoni ana kwa ana kabla ya kutoa hata shilingi, aombe anwani za tovuti tatu zilizotengenezwa na wahitimu wa mwaka jana, azifungue palepale mapokezi kwa simu yake na bando lake, kisha amwombe mkufunzi amweleze ni kitu gani kwenye kurasa hizo angekirekebisha, na kwa nini.