Pikipiki ya Mgeni Uani Kwetu Ujiji

Wageni wenye pikipiki kubwa zenye masanduku ya bati ubavuni si wengi Kigoma, lakini wapo. Wengine huingilia Manyovu wakitoka Burundi, wengine hupanda kutoka Mpanda na vumbi la njia nzima mgongoni. Halafu safari inawakatikia katikati. Mzazi kaugua, kazini wanamwita, pesa imekwisha. Anataka kuruka kwao wiki kadhaa, pikipiki ibaki, akirudi aendelee alipoishia. Swali lake huwa ni moja: niiache wapi? Kwangu swali hilo limekaa kombo. Angeuliza ni nani atakayeamka usiku mvua ikipiga.

Nalijua hilo kwa sababu niliamka mimi.

Alikuwa Mjerumani, mtu mpole, na Honda Transalp iliyokula barabara. Tulijuana gereji pale Mwanga, akanywa chai kwetu mara mbili tatu. Mwezi wa kumi na moja akapigiwa simu kwamba baba yake kalazwa, kesho yake akapanda ndege ya Dar. "Wiki sita tu," aliniambia. Mama akasema alete, ua upo, mtu kafikwa. Ndivyo tulivyo, kumkatalia mgeni mwenye shida tunaona haya. Wiki sita zikawa miezi mitano.

Chombo chenyewe hakikunisumbua sana, kwa sababu tulikilaza vizuri. Fundi aliijaza tangi mpaka shingoni isiingie kutu, akafunga koki, akafungua skrubu za chini za kabureta kumwaga mafuta yaliyobaki. Betri aliitoa, ikakaa chumbani kwangu, kila mwezi naipeleka ichajiwe. Bomba la moshi tuliziba kwa tambara. Msilicheke tambara hilo. Nyigu wa udongo wa huku wakiona tundu lolote wanajenga, na siku ya kuwasha ndipo utajua wamejenga. Kuna walionishauri niwe naiwasha dakika tano kila Jumamosi. Fundi akakataa katakata: injini isipochemka sawasawa unaiachia unyevunyevu ndani, bora ilale.

Tusichokipangia ni kuku. Mtetea wa mama alijipenyeza chini ya turubai, akatagia kati ya gurudumu la nyuma na ukuta, na alipoanza kuatamia mama akapiga marufuku mtu yeyote kuligusa turubai siku ishirini na moja. Mwenyewe akaandika kutoka Ujerumani anaomba picha ya pikipiki yake. Nikamtumia picha ya turubai lenye mkia wa kuku.

Kilichonitoa jasho ni karatasi. Siku anaondoka alinitajia "karne", nikadhani anazungumzia miaka mia. Kumbe ni daftari la forodha, jina lake la Kifaransa. Linatolewa na chama cha wenye magari cha nchini kwake, yeye alilichukua ADAC, na nyuma yake kuna dhamana ya pesa. Kila ukurasa una kipande cha kuingilia, kipande cha kutokea na kishina kinachobaki. Ukivuka mpaka unagongewa muhuri, ukitoka unagongewa mwingine. Usipogongewa wa kutoka, kwa hesabu za forodha chombo bado kiko nchini, na ushuru wake unaweza kudaiwa kupitia hiyo dhamana. Daftari huishi mwaka mmoja, lakini muda anaoandikiwa mtu mpakani unaweza kuwa mfupi kuliko huo. Wake ulikuwa mfupi. Na daftari aliondoka nalo kwenye begi.

Nilikwenda kuulizia nikiwa na picha ya ukurasa kwenye simu. Yule bwana wa forodha aliiangalia, akaniangalia. "Kijana, hii ni picha. Chombo kiko wapi, na wewe ni nani kwake?" Sikuwa na jibu la swali la pili. Rafiki? Mlinzi? Mtu wa chai? Sikuwa hata na barua yenye sahihi yake. Ikabidi Mjerumani alirudishe daftari kwa kifurushi, pamoja na barua, ndipo akaongezewa muda. Barua hiyo angeiandika kwa dakika kumi kabla ya kwenda uwanja wa ndege.

Wakati huo vijana wa kijiweni wananiambia mashine inalala bure, na mjomba wangu anaitaka kwenye msafara wa harusi. Forodha nao hawapendi mkazi aendeshe chombo kilichoingia kwa muda, achilia mbali bima iliyokwisha. Mama hakufika huko kwenye sheria. Kwake ile ni amana, na amana ukiitumia bila ruhusa, kikitokea chochote kiko shingoni mwako. Mjomba alininunia mpaka Ramadhani.

Wajerumani hawakuanza juzi kuacha vyombo Kigoma. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka injini grisi nzito wakitumaini watarudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Grisi ilifanya kazi yake barabara. Ila meli ikawa ya wengine.

Kuna jambo ambalo nyumbani hatukubaliani hadi leo, nalo ni malipo. Mama anasema amana hailipishwi. Mimi nasema turubai linanunuliwa, fundi analipwa, na usiku niliokesha nao una bei. Mgeni anayelipia maegesho ya gari uwanja wa ndege kwao bila kunung'unika asione ajabu kuacha pesa ya matunzo huku, mkononi, kabla hajaondoka. Zawadi ya fulana wakati wa kurudi ni nzuri, lakini haikununua kitu wakati wa masika.

Alirudi mwezi wa nne. Tuliweka betri, tukatoa tambara, ikawaka kwa mara ya tatu, na vifaranga, sasa wakubwa, wakatawanyika ua mzima.

Juzi nimepata ujumbe wa rafiki yake, naye yuko njiani na anataka kuacha yake miezi miwili. Nimemjibu atangulize nakala ya karatasi za forodha, barua yenye sahihi na tarehe ya kurudi. Hajajibu. Mama ameshalianika turubai.